Dawa Iliyochelewa Njiani: Habari za Kuvu ya Ubongo

Mto Tana huanza katika baridi ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, ukapita nchi kavu kwa safari ya kilomita 1,000 hivi, na mwisho humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Katika Kenya yote hapana mto mrefu kuupita. Kabla haujafika baharini hupita jirani na Garsen, mji mdogo uliopo mahali ambapo njia itokayo Malindi hugawanyika, moja ikaelekea Lamu na nyingine Hola na Garissa. Wapokomo hulima kingo zake mpunga, ndizi na maembe. Waorma na Wawardei huleta ng'ombe wao kunywa maji ya mto wakati wa kiangazi. Mtu akitaka kuandika habari za maradhi ya nchi hii, mto wenyewe humpa sura za kwanza: malaria ya mbu wa mabwawa, kichocho cha maji yaliyotuama, na homa ya Bonde la Ufa iliyofuata nyuma ya mvua kubwa za mwaka 1997 na za mwaka 2006, ikaua mifugo na watu.

Yapo hata hivyo maradhi mengine ambayo hayakupewa sura. Hayafuati mvua wala kiangazi, na katika lugha ya kila siku hayana jina lake yenyewe. Mtu huumwa kichwa siku saba, siku kumi, majuma matatu. Hunywa dawa ya malaria asipone. Hutapika, macho yake huona vitu viwili pahali pa kimoja, kisha huanza kusema maneno yasiyo na mpango. Akifa, wengine husema ni malaria iliyopanda kichwani, wengine husema ni homa ya uti wa mgongo, na wengine hunong'ona kwamba amerogwa. Na zahanati isiyo na hadubini haina njia ya kusema vingine. Mara nyingi mno aliyemwua ni kiumbe mdogo wa jamii ya kuvu, aitwaye na wataalamu kriptokokasi.

Insha hii yaeleza historia ya maradhi hayo. Yafaa nimwambie msomaji mapema kwamba sehemu kubwa ya historia hiyo haikutokea Garsen. Ilitokea Ujerumani, Venezuela, Marekani, Kongo, Kampala na Dar es Salaam. Lakini jambo moja ndani yake haliwezi kuonekana vizuri ila kwa kusimama mahali kama Garsen. Dawa ya kuvu hii ilijulikana tangu miaka ya 1950. Na ikapita zaidi ya nusu karne kabla haijapata sura ambayo mtu wa mbali na miji mikubwa aweza kuitumia.

Kwanza tumjue kiumbe mwenyewe. Kuvu ni ukoo mkubwa. Uyoga ni kuvu, ukungu wa mkate uliolala ni kuvu, na hamira iumuayo mandazi ni kuvu pia. Kriptokokasi ni ndugu wa karibu wa hamira kwa umbo: ni chembe ya mviringo, ndogo hata haionekani kwa macho, ijizalishayo kwa kuchipuza chembe nyingine ubavuni mwake. Tofauti yake ni vazi. Imejivika koti nene la utelezi, lililofanywa kwa namna ya sukari, na koti hilo huificha mbele ya walinzi wa mwili wa mwanadamu. Makazi yake ni udongo, mbao za miti iliyooza, na hasa mavi ya njiwa yaliyokauka. Njiwa mwenyewe haugui, kwa kuwa damu yake ina joto la nyuzi 41 au 42, joto ambalo kuvu hii haiwezi kustawi ndani yake. Yeye ni mpagazi tu.

Vumbi hilo likipeperuka, mtu hulivuta puani na kuvu huingia mapafuni. Inaaminiwa kwamba watu wengi sana duniani wamepata kuivuta bila kujua. Mwili wenye nguvu huiua, au huifungia pahali pamoja isitoke, na mtu huishi nayo miaka mingi kama aishivyo na jirani asiyesalimiana naye. Haiambukizi kutoka kwa mgonjwa hadi kwa amwuguzaye. Jambo hili lapasa kukumbukwa, maana wagonjwa wengine walitengwa bure. Hatari huja pale kinga ya mwili inapovunjika. Hapo kuvu hutoka mapafuni, hufuata damu, na huchagua ubongo kuwa makao yake.

Yanayompata mgonjwa baada ya hapo yastahili kuelezwa polepole. Ubongo wa mtu umelala ndani ya maji safi, na maji hayo hutoka na kuingia kwa kipimo. Kuvu inapozaliana ndani yake, chembe zake na utelezi wa makoti yao huziba vijia vidogo ambavyo maji hupitia. Maji yakikosa njia, yanajaa; na kwa kuwa fuvu la kichwa ni mfupa usiopanuka, mgandamizo wote huuangukia ubongo wenyewe. Hiyo ndiyo asili ya maumivu ya kichwa yasiyosikia dawa, na ya kutapika hali tumbo halina kosa. Mishipa iongozayo macho hubanwa, na mgonjwa akaona viwili viwili. Mshipa wa kuonea ukibanwa sana hupofuka, na wa kusikia ukidhurika huwa kiziwi. Kisha akili hupotea kidogo kidogo: mtu mpole huwa mkali, mwerevu husahau majina ya watoto wake, hupatwa na kifafa ambacho hakuwa nacho, na mwisho hulala usingizi asioamshwa. Asipotibiwa hufa, si baadhi yao, ni karibu wote. Na katika wanaopona, wako waliobaki na upofu, uziwi, au kumbukumbu iliyotoboka.

Nduguze wanaomwona akipayuka usiku hawawezi kulaumiwa wakidhani ana pepo. Jambo lililo la mwili hapa limevaa nguo za jambo la roho. Lakini siku zinazokwenda katika kutafuta mganga wa pepo ndizo siku ambazo dawa ingefanya kazi.

Habari za kuvu hii katika vitabu zaanza mwaka 1894, katika mji wa Greifswald, Ujerumani. Mwanamke wa miaka 31 alikuwa na uvimbe katika mfupa wa mguu chini ya goti. Tabibu Otto Busse alipotazama nyama ya uvimbe ule kwa hadubini aliona chembe za mviringo zenye ukingo mnene, akazipanda zikaota kama hamira. Mwenziwe Abraham Buschke alieleza habari za mgonjwa yuyo huyo. Mwanamke yule alifariki. Mwaka huo huo Mwitalia Francesco Sanfelice aliipata kuvu kama hiyo katika maji ya tunda la pichi lililochacha. Ajabu ni kwamba watu wawili wasiojuana walikuta kitu kimoja, mmoja katika mfupa wa mgonjwa, mwingine katika tunda. Jina kriptokokasi lilitolewa mwaka 1901 na Mfaransa Paul Vuillemin; na mwaka 1905 mtaalamu mwingine wa Kijerumani, von Hansemann, alieleza mgonjwa ambaye kuvu ilikuwa imemwingia katika utando wa ubongo. Tangu hapo maradhi yakajulikana kwa wachache waliosoma vitabu hivyo, yakahesabiwa kuwa kitu cha nadra, kama nyota yenye mkia.

Ilikuwa Mmarekani Chester Emmons aliyeonyesha mahali kuvu inapokaa. Mwaka 1951 aliipata katika udongo, na mwaka 1955 akaitangaza kuwa imejaa katika viota vya njiwa. Baadaye sana, mwaka 2011, wataalamu waliolinganisha nasaba za kuvu hii kutoka nchi mbalimbali walitoa hoja kwamba asili yake huenda ni Afrika kusini mwa Sahara, na kwamba ilisafirishwa duniani pamoja na njiwa wa kufugwa. Ikiwa hoja hiyo ni kweli, basi Mjerumani wa Greifswald alikuwa akitazama mgeni aliyetoka kwetu.

Dawa nayo ilitoka kando ya mto. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Squibb ya Marekani ilikuwa ikikusanya udongo kutoka pembe nyingi za dunia, kwa kuwa penisilini na ndugu zake vilikwisha kufundisha kwamba vidudu vya udongoni hupigana wao kwa wao kwa sumu zao. Udongo mmoja uliochukuliwa karibu na mto Orinoco, katika Venezuela, ulikuwa na kidudu kilichotoa kitu cha kuua kuvu. Kitu hicho ndicho amfoterisini B, iliyogunduliwa mwaka 1955 na kuanza kutumiwa hospitalini mwishoni mwa miaka hiyo. Maradhi ambayo yalikuwa hukumu ya kifo yakapata dawa kwa mara ya kwanza.

Lakini ilikuwa dawa kali mno. Hutiwa katika mshipa, tone kwa tone, saa nyingi, kila siku, kwa majuma mawili au zaidi. Mgonjwa hutetemeka kwa baridi na homa dawa inapoingia. Figo huumia, damu hupungua, na chumvi moja ya mwili iitwayo potasiamu hushuka hata moyo uweze kusimama. Kwa hiyo atoaye dawa hii hana budi kuwa na maabara ya kupima damu kila baada ya siku chache, barafu ya kuitunzia, na wauguzi wa kukesha. Dawa nyingine, flusitosini, ilitengenezwa mwaka 1957 kwa matumaini ya kutibu saratani. Haikutibu saratani, lakini katika miaka ya 1960 ilionekana kwamba yaua kuvu, na kwamba ikiunganishwa na amfoterisini huharakisha kupona. Yenyewe ni kidonge cha kumeza. Msomaji aikumbuke, maana tutaiuliza baadaye ilikuwa wapi.

Afrika Mashariki na Kati zilikuwa na wagonjwa siku hizo zote. Katika miaka ya 1950 madaktari wa Kongo ya Kibelgiji waliandika habari za watu waliougua kuvu ya ubongo. Mwaka 1983 madaktari wa Ubelgiji walitazama nyuma na kueleza habari za mwanamke wa Zaire aliyeugua maradhi hayo mwaka 1977, wakaonyesha kwamba hali yake ilifanana na ugonjwa mpya uliokuwa umetangazwa Marekani mwaka 1981. Ugonjwa huo mpya ulikuwa UKIMWI. Tangu hapo ikafahamika kwamba kuvu ya ubongo ilikuwa mmoja wa wapiga mbiu wa UKIMWI, akitangulia mbele ya mfalme ambaye jina lake lilikuwa bado halijajulikana.

Virusi vya UKIMWI huangamiza chembe za damu ziitwazo CD4, ambazo ni majemadari wa kinga. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo zaidi ya 500 katika tone dogo mno la damu. Zikishuka chini ya 100, kuvu iliyolala mapafuni huamka. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI mwaka 1984. Katika miaka 15 iliyofuata, maradhi ambayo daktari aliweza kumaliza utumishi wake bila kuyaona yakawa maradhi ya kila juma katika wadi za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Novemba 1999 Rais Moi aliutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Kwa wakati huo dawa ya kuvu ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 40.

Hapa ndipo dawa ya tatu ilipoingia, na historia ikawa ya biashara. Flukonazoli ilibuniwa na kampuni ya Pfizer katika mji wa Sandwich, Uingereza, ikaruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1990. Ni kidonge, haidhuru figo, haihitaji barafu. Kwa mgonjwa wa mbali ilionekana kama jibu la dua. Lakini Pfizer alikuwa na hakimiliki, na bei ilikuwa juu kuliko uwezo wa watu wetu. Oktoba 2000 Zackie Achmat wa Afrika Kusini alisafiri mpaka Thailand, ambako viwanda vingine viliitengeneza kwa bei iliyokuwa sehemu ndogo sana ya ile ya Pfizer, akarudi na vidonge 5,000, akajitangaza hadharani kwamba amevunja hakimiliki. Desemba ya mwaka huo Pfizer alikubaliana na serikali ya Afrika Kusini kuitoa bure kwa wagonjwa wa hospitali za umma. Na mwaka 2001 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwanda, iliyofungua mlango wa kuagiza dawa za namna hiyo kutoka nchi zinazoziuza kwa bei nafuu. Sheria za hakimiliki husomwa na watu wachache, nami sidhani kama siku ile watu wengi wa Garsen walijua kwamba jambo lililojadiliwa Nairobi lilikuwa ni maumivu yao ya kichwa.

Furaha haikudumu. Flukonazoli peke yake huizuia kuvu isizae, haiiui upesi. Katika Mbarara, Uganda, wagonjwa waliotibiwa kwa flukonazoli pekee walifuatwa kwa uangalifu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba hata kwa kipimo kikubwa, karibu nusu au zaidi walikufa katika majuma 10 ya kwanza. Dawa iliyofika ilikuwa dhaifu, na dawa zenye nguvu hazikufika. Flusitosini, kidonge kile cha mwaka 1957, kwa miaka mingi ilikuwa haipatikani kabisa katika nchi nyingi za Afrika. Sababu haikuwa siri ya elimu wala hakimiliki, maana muda wake ulikuwa umekwisha. Hapakuwa na kiwanda kilichoona faida kuiandikisha katika nchi ambazo wagonjwa wake ni maskini. Kwangu mimi hili ndilo jambo zito kuliko yote katika habari hii.

Sasa tusimame Garsen. Zamani magari yalivuka Tana pale kwa pantoni. Mto ukijaa, safari husimama. Daraja lilijengwa baadaye, ila mafuriko hayakujua kwamba kuna daraja. Mwishoni mwa mwaka 2023 maji yaliikata tena barabara ya kwenda Lamu, na abiria wakakwama pande zote mbili. Malindi ni zaidi ya kilomita 100 kutoka Garsen, na Mombasa ni zaidi ya 200. Hospitali ya Ngao, katika kijiji ambacho wamisionari wa Kijerumani wa Neukirchen walianza kazi yao mwaka 1887, iko jirani, lakini tiba ya amfoterisini ya zamani yadai mambo mengi kwa hospitali yoyote ya mashambani: majuma mawili ya kulazwa, vipimo vya figo na potasiamu, umeme usiokatika kwa ajili ya barafu. Yadai pia kwamba mtu wa pili aache shamba lake la mpunga au ng'ombe wake wakati wa kuhama, akae na mgonjwa siku 14, ale na kulala mjini. Mchungaji ambaye malisho yake yamehamia mbali hawezi kulitimiza hilo bila kupoteza riziki ya nyumba nzima. Nayo haya hayakuwa ya Garsen peke yake. Wilaya nyingi za Kenya, Uganda na Tanganyika ya kale zilifanana nayo.

Liko na jambo la sindano. Ili kuyajua maradhi haya kwa hakika, daktari huchoma sindano chini ya mgongo na kutoa maji yanayozunguka uti. Tone moja likichanganywa na wino mweusi chini ya hadubini, wino huwa usiku, na kila chembe ya kuvu huonekana kama mwezi wenye duara la mwanga, kwa sababu ya koti lake. Sindano hiyo hiyo ni tiba pia: maji yaliyozidi yakitolewa, mgandamizo hupungua, na mgonjwa aliyekuwa akilia kwa kichwa huweza kutulia saa ile ile. Wengine huhitaji kutolewa maji mara kadhaa. Lakini katika nchi nyingi za kwetu watu huiogopa sindano ya mgongo kuliko ugonjwa. Husemwa kwamba achomwaye hupooza au hufa. Imani hiyo ina chanzo kinachoeleweka: wagonjwa waliletwa wamekwisha kuzimia, wakachomwa, wakafa usiku huo, na macho ya ndugu yakaunganisha sindano na kifo. Daktari asiyekaa chini na kuwaeleza wazee wa mgonjwa jambo hili hupoteza mgonjwa mlangoni.

Mabadiliko yalipokuja hayakutoka mbali. Huko Entebbe, Uganda, watafiti waliwafuata watu wenye virusi vya UKIMWI kwa miaka, wakihifadhi damu yao. Walipoipima damu hiyo, mwaka 2002 walieleza kwamba alama za koti la kuvu zilionekana ndani ya damu siku nyingi kabla mtu hajaumwa kichwa: kwa kadiri ya kati, siku 22. Siku 22 ni nyingi. Zatosha kwenda Mombasa na kurudi hata kama mto umejaa. Yaani maradhi yaliyodhaniwa kushambulia kwa ghafula yalikuwa yakibisha hodi majuma matatu, ila hapakuwa na mtu wa kusikia.

Chombo cha kusikia kilipatikana miaka michache baadaye: ukanda mdogo wa karatasi, ambao huchovywa katika tone la damu au maji ya uti na kutoa jibu kwa dakika 10. Hauhitaji maabara, na bei yake ni dola chache. Katika Dar es Salaam na Lusaka watu 1,999 waliokuwa wakianza dawa za UKIMWI wakiwa na CD4 chini ya 200 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitibiwa kama desturi. La pili lilipimwa kuvu ndani ya damu, na wahudumu wasio madaktari wakawatembelea nyumbani mara nne katika majuma ya kwanza, kuwapa dawa na kuwauliza hali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: katika mwaka mmoja, vifo vya kundi la pili vilipungua kwa asilimia 28. Ukanda wa karatasi na mtu wa kubisha mlango. Hapana hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji jengo la ghorofa.

Huko Uganda na Afrika Kusini, utafiti mwingine uliotolewa mwaka 2014 ulifundisha subira. Ilidhaniwa kwamba mgonjwa wa kuvu ya ubongo akianzishiwa dawa za UKIMWI mara moja ataokoka upesi. Wakaona kinyume: waliocheleweshwa kiasi cha majuma matano walikufa asilimia 30, na walioanza mapema asilimia 45. Kinga inaporudi kwa kishindo ndani ya ubongo uliojaa kuvu, vita vyenyewe huumiza nyumba.

Kisha dawa zikapangwa upya. Utafiti wa mwaka 2018 katika Malawi, Zambia, Kamerun na Tanzania, wenye wagonjwa 721, ulionyesha kwamba amfoterisini ya juma moja, ikiunganishwa na flusitosini, yaleta vifo vichache kuliko ile ya majuma mawili iliyozoeleka. Baada ya majuma 10 walikuwa wamekufa asilimia 24 hivi. Na mwaka 2022 ukatolewa mwingine, wa wagonjwa zaidi ya 800 kutoka Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini. Safari hii amfoterisini ilikuwa imefungwa ndani ya vipovu vidogo vya mafuta visivyoumiza figo sana, ikatolewa kwa kipimo kikubwa mara moja tu, siku ya kwanza, kisha mgonjwa akameza flusitosini na flukonazoli majuma mawili. Waliokufa hawakuzidi wale wa tiba ya juma moja, na madhara yalikuwa machache. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza tiba hiyo kuwa ya kwanza. Mwezi wa Oktoba likachapisha pia orodha ya kuvu zinazoihatarisha zaidi dunia, na kriptokokasi ikawekwa juu kabisa.

Tiba ya siku 14 za mshipani imekuwa ya siku moja. Kwa mtu wa Kampala hiyo ni nafuu. Kwa mtu wa Garsen ni jambo jingine kabisa, maana ndugu amwuguzaye anaweza kurudi kwenye ng'ombe wake kabla hawajahama.

Idadi ya vifo imeshuka. Kwa mwaka 2014 ilikadiriwa kwamba watu 181,100 walikufa kwa maradhi haya duniani, robo tatu yao katika Afrika kusini mwa Sahara. Kwa mwaka 2020 makadirio yalikuwa 112,000. Sehemu kubwa ya sifa ni ya dawa za UKIMWI zenyewe, zilizoenea baada ya mwaka 2003 na kuzuia kinga isivunjike. Hata hivyo karibu mtu mmoja katika kila watano waliokufa kwa UKIMWI aliuawa na kuvu hii. Sehemu kubwa ya dawa hizo zililipiwa na fedha za Marekani, na Januari 2025 serikali ya nchi hiyo ilipozisimamisha ghafula, kliniki za Kenya nazo zilitikisika. Mtu anayekosa dawa zake miezi kadhaa hurudi polepole chini ya CD4 100, ambako kuvu inamngoja.

Mwongozo wa Kenya wa mwaka 2018 ulitaka kila mtu mzima aanzaye matibabu akiwa na CD4 200 au chini yake apimwe alama ya kuvu katika damu. Tangu mwaka 2013 zahanati ziko mikononi mwa kaunti, na kaunti ya Tana River ndiyo inayopasa kuhakikisha kwamba ukanda ule wa karatasi upo rafuni, na flusitosini ipo karibu, kabla maji ya Novemba hayajapanda. Mwuguzi huchukua tone la damu, huchovya ukanda, na kutazama saa. Mstari mmoja ukitokea, mgonjwa aendelee na dawa zake. Ikitokea mistari miwili na kichwa hakimwumi, bado apelekwe achunguzwe maji ya uti, kisha apewe flukonazoli. Na kama kichwa kimekwisha kuuma, safari ya Malindi ianze siku ile ile.